Tulivyosaka Mada ya Tasnifu Huku Shume

Wadogo zangu wa kidato cha kwanza mpaka cha nne, mimi nimestaafu. Msicheke. Kuna watu wanastaafu uzeeni wakiwa hawajafanya kazi hata siku moja, wamekalia kiti cha ofisi tu mpaka sponji likaisha. Mimi nimestaafu nikiwa kidato cha tano, ndevu zenyewe bado zinajiuliza kama zije, lakini kazi niliifanya. Nilikuwa msaidizi wa mtafuta mada. Ni kazi ngumu kuliko kupasua mbao, na ukimaliza huoni hata mbao.

Nawaandikia kwa sababu mkimaliza mtihani wa kidato cha nne mtarudi nyumbani kusubiri, na huko kwenye kusubiri ndiko watu wa vyuo wanakotuokota. Umekaa zako unaota moto jikoni, unamenya kiazi cha kuchoma, mara anaingia ndugu yako na begi la kompyuta, anakuangalia kama mtu anayechagua kuku sokoni, anasema, "Huyu hapa hana kazi." Mmekwisha.

Wangu alikuwa dada Rehema, mtoto wa mama mkubwa. Anasomea shahada ya pili ya elimu ya awali. Alikuja Shume wakati wa masika, ule wakati ambao ukungu unalala na nyinyi ndani na kuondoka kwake ni mpaka ujisikie. Alikuwa anatafuta mada ya tasnifu kuhusu watoto wadogo wenye usonji na mazingira yanayogusa hisi zao: sauti, mwanga, harufu, nguo mwilini. Kwa asiyejua, usonji ni pale mtoto anapozaliwa na ubongo unaoipokea dunia kwa namna yake. Sauti ambayo wewe huisikii, yeye inampiga kama kofi. Mwingine hasemi, mwingine anasema sana lakini hakuangalii. Huku kwetu tulikuwa na jina moja tu la mtoto wa namna hiyo: kadekezwa. Tulikuwa na dawa moja tu pia, na inachumwa kwenye mti wowote.

Sasa nisikilizeni kuhusu mada. Mtu wa chuo haanzi na kitu alichokiona. Anaanza na kichwa cha habari. Cha kwanza cha dada Rehema kilikuwa hiki, na nilikikariri kwa uchungu: "Tathmini ya Uhusiano kati ya Mazingira ya Hisi na Mwitikio wa Kitabia kwa Watoto wenye Usonji katika Elimu ya Awali Nchini Tanzania."

"Dada," nikamwambia, "nchi nzima?"

"Ndiyo. Tatizo ni la nchi nzima."

"Na tunaizunguka kwa miguu?"

Akanionya niache ujinga. Tukapanda mpaka kwenye kona ya misindano, ambako ukisimama na mguu mmoja juu ya kisiki simu inashika, akampigia msimamizi wake, mtu anayeitwa Dokta tu, kama vile dunia ina dokta mmoja. Dokta akasema mada ni pana, aipunguze. Akapunguza ikawa ya mkoa. Ipunguze. Ikawa ya wilaya. Ipunguze. Nikamwambia tukiendelea hivi tutafika jikoni kwa mama na tutamchunguza paka.

Halafu akapata wazo kutoka kwenye mtandao. Huko nje, akasema, kuna shule zina chumba maalumu cha utulivu: taa hafifu za rangi, mito laini, mapovu yanapanda ndani ya bomba la kioo, mtoto aliyezidiwa na kelele anaingia humo anapoa. Basi mada yake ingekuwa kulinganisha chekechea zenye chumba hicho na zisizo nacho. Zisizo nacho tulizipata haraka sana. Zilizo nacho tulizitafuta mpaka Mlola, kwenye matope, mimi nimebeba begi na yeye amebeba mwavuli wa begi. Mwalimu mmoja mzee alitusikiliza mpaka mwisho, akatuuliza, "Hayo mapovu, ni ya kufulia?"

Tulivyorudi tukaenda kwenye chekechea ya kijiji chetu, ile niliyosoma mimi mwenyewe na ambayo naidharau kwa haki zote. Mwalimu wake ni Mwalimu Ester, mama mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Dada Rehema akamuuliza kwa adabu kama shule ina chumba cha hisi.

"Tuna chumba kimoja," Mwalimu Ester akajibu. "Hisi zote zimo humohumo."

Na kweli zilikuwemo. Bati halina dari, mvua ikinyesha ni kama lori linamwaga kokoto. Chini ya mteremko kuna mashine ya kupasua mbao, inalia tangu asubuhi. Uji unapikwa mlangoni na moshi unaingia kusoma. Kengele ni rimu ya lori inayogongwa kwa nondo. Na baridi ya Shume mnaijua: kila mtoto ana masweta mawili ya mtumba ya sufu ngumu, ukiyavaa unajikuna mpaka Ijumaa. Dada Rehema aliangalia kile chumba kama mtu aliyeokota simu njiani.

Ndipo akamwona Danieli.

Danieli ni mtoto wa jirani yetu, mama mmoja anayelima viazi na kabichi peke yake tangu mume alipokwenda kutafuta kazi na kuipata, na kuipata kukamfanya asahau njia ya kurudi. Danieli alikuwa na miaka mitano, haongei, ila anaimba noti moja ndefu akifurahi. Na alikuwa na kosa kubwa kuliko yote katika milima hii: hatoi shikamoo. Akipita mzee, Danieli anapita kama amepita mlingoti. Mgeni akiingia darasani, Danieli anaziba masikio, anapiga kelele, anatoka nje mbio mpaka kwenye kabichi za watu. Kamati ya wazazi ilikuwa imeshakaa. Mwenyekiti wake, Mzee Kaniki, alishasema mtoto huyo anaharibu wenzake, na shule ikifungwa asirudi tena.

Mama Danieli alimsikiliza dada Rehema akieleza utafiti kwa muda mrefu, jembe begani. Kisha akauliza swali moja.

"Mdogo wangu, hiyo mada yako itamweka darasani au haitamweka?"

"Dada, utafiti unachukua muda. Siwezi kuahidi matokeo."

"Mimi siulizi matokeo. Akitolewa, nikienda shamba namfungia ndani. Ndicho ninachouliza."

Dada Rehema akaangalia viatu vyake. Mimi pia nikaangalia viatu vyake. Vilikuwa vyeupe, kila jioni anavifua. Mtu amekuja Shume masika na viatu vyeupe, halafu unamuuliza mambo ya akili.

Nisiwafiche ufundi kidogo kabla sijaendelea, maana kazi yoyote ina ufundi. Ukipelekwa kumhoji bibi kwa Kishambaa, usianze na swali la mtafiti. Dada Rehema, ambaye Kishambaa chake kilishaingia kutu, alinilazimisha nimtafsirie bibi mmoja neno kwa neno: je, mjukuu wako ana unyeti wa hisi uliozidi? Nikajitahidi. Bibi akafikiri sana, akaniambia niwaeleze wakubwa zangu kwamba kama ni mbegu za viazi anachukua, kama ni mikopo hataki. Kuanzia hapo nikagundua njia. Unasema onga makeo, ile salamu yetu ya asubuhi, unauliza shamba, unauliza mguu unaouma, unakunywa chai, unasubiri bibi mwenyewe amlalamikie mjukuu. Mwache alalamike. Kila kitu kimo kwenye malalamiko: hataki sweta, hali kilichochanganyika, analia jogoo akiwika. Dada Rehema aliiita njia hii kwa jina refu la kitaalamu. Mimi naiita umbea, na ninaiheshimu.

Basi tukaanza kumchunguza Danieli. Kila asubuhi tunangoja watoto watulie, tunabisha hodi, tunaingia. Na kila tukiingia, darasa zima linasimama kama limechomwa sindano: "Shikamooo mgeeeni!" "Marahaba, hamjambo?" "Hatujambooo! Karibu mgeni wetu, jisikie upo nyumbaniii!" Kisha Mwalimu Ester anaamuru makofi ya kilo, moja, mbili, tatu, pwaa. Mgeni anatabasamu. Danieli ameshafika kwenye kabichi.

Dada Rehema anaketi, anaangalia saa, anasema kwa sauti ya hospitali, "Umeona? Alivyosikia mashine ya mbao."

Mada mpya: Athari za Kelele za Viwanda. Nikatumwa kwa mafundi wa mbao kuwaomba wasimamishe mashine asubuhi moja kwa ajili ya sayansi. Fundi mkuu akaniuliza hiyo sayansi inanunua mbao ngapi. Nikarudi.

Siku iliyofuata Danieli akatoka tena. "Ni kengele," dada akasema. Mada mpya. Hapo nikaleta utaalamu wangu: nikaifunga ile rimu kwa gunia. Ikigongwa inasema bwi, kama mtu anayepiga godoro. Watoto wote wakaendelea kucheza nje mpaka uji ukaungua, Mwalimu Ester akanitafuta na mwiko. Nawausia: gunia ni la viazi.

Tukahamia kwenye masweta. Tukahamia kwenye moshi. Kila jioni dada ana mada mpya, kila asubuhi mada inakimbilia kwenye kabichi. Mwenye kabichi naye akaanza kutusalimia kwa kifupi. Na siku za shule kufungwa zinakaribia, Mzee Kaniki akipita barabarani anauliza, "Mmeshapata?" kama tumepoteza mbuzi.

Kilichotuokoa ni mvua, si shahada. Asubuhi moja ilikuja mvua ya kubeba mawe. Tulikuwa njiani mapema mno, kwa hiyo tukakimbilia darasani hakuna mtu, tukajibanza kwenye kona juu ya magunia ya unga wa uji. Watoto wakaanza kuingia mmojammoja, wamelowa kama vifaranga. Mwalimu Ester amekwama ng'ambo ya kijito. Sasa angalieni jambo hili, maana ni letu na halimo kwenye kitabu chochote cha dada: darasa linamsalimia mgeni anayeingia. Aliyekutwa amekaa hana salamu ya darasa. Hakuna wa kuianzisha, hakuna wa kuamuru makofi. Walituangalia, wakatuona ni magunia kama magunia mengine, wakaendelea na mambo yao.

Danieli akaingia. Mvua inaponda bati mpaka huwezi kusikia mawazo yako. Mashine ya mbao inalia. Moshi wa uji wa jana bado umo, masweta yapo, yote mawili. Danieli akavua kandambili, akaenda ukutani, akaweka shavu lake kwenye mbao za ukuta ule unaotetemeka kwa ngurumo za mvua, akaanza kuimba ile noti yake moja. Anafurahi! Dada Rehema akanishika mkono kwa kucha.

Tukakaa hivyo, mada zote zinanguruma juu ya vichwa vyetu, na mtoto anaimba.

Mlango ukafunguka. Mwalimu Ester, anachuruzika maji. Darasa likaruka juu. "Shikamooo mwaaalimuuu!" Danieli akaziba masikio, akapiga yowe, akatoka kwenye mvua.

"Ni sisi," dada Rehema akasema. "Wiki zote hizi. Nilikuwa naingia, wananisalimia, anakimbia, halafu nakaa naandika kwamba amekimbia."

Sikumfariji. Mtu akijiumbua mwenyewe kiasi kile, mwache amalize. Lakini nilitoka nje nikamfuata Danieli, kwa sababu mwenye kabichi alikuwa ameshasema siku nyingine atachukua fimbo.

Mkutano wa kamati ulifanyika kwenye darasa lilelile, wakubwa wamekalia viti vya chekechea, magoti yamefika masikioni, na bado wanajiona baraza la mawaziri. Dada Rehema akaanza vibaya: "Kwa mujibu wa mikabala ya uchakataji wa hisi..." Nikamkanyaga mguu. Viatu havikuwa vyeupe tena, sikuwa na cha kuogopa.

Akaanza upya. "Mzee Kaniki, shikamoo ya mtoto mmoja inakutosha?"

"Ikiwa na adabu, inatosha."

"Na ya darasa zima?"

"Hiyo ni heshima kubwa."

"Kwa Danieli hiyo inauma, mzee. Inauma kama jino. Hajui kuwa ni heshima."

"Kwa hiyo wewe umesomeshwa huko," Mzee Kaniki akasema taratibu, "ili uje utuambie watoto wa Kishambaa wasitoe shikamoo?"

Wazee wakaguna kwa pamoja, na mguno wa wazee wetu ukiusikia unajua kesi imeshahukumiwa. Aliyesimama ni mama Danieli.

"Mzee Kaniki, shikamoo."

"Marahaba."

"Umeisikia?"

"Nimeisikia."

"Nimekupa mimi peke yangu, polepole, na umeisikia. Mwanangu hakukimbii wewe. Anakimbia sauti ya wote na makofi." Akakaa. Kisha akakumbuka kitu, akasimama tena. "Na akifungiwa ndani, huko hakuna wa kumfundisha shikamoo. Kuna panya tu."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akajifanya anakohoa. Kamati ikanong'onezana kwa Kishambaa, ikitumaini dada haelewi, na kweli hakuelewa, lakini mimi nilielewa: walikuwa wanaogopa chuo. Wazee hawa hawamwogopi mtu, ila kitu chenye mhuri kinawatia homa. Nami, bila kutumwa, nikasema kwa sauti ya upole kabisa kwamba mada hii Dokta anaisubiri, na itakuwa vigumu kumweleza ni nani aliyeizuia. Kwa wakati huo Dokta alikuwa hajawahi hata kuisikia. Hiyo pia ni sehemu ya kazi.

Mzee Kaniki akatoa hukumu. Mtoto abaki. Salamu itolewe kwa zamu: mgeni au mwalimu akiingia, mtoto mmoja asimame amsalimie kwa niaba ya wenzake, wengine wakae kimya na mikono mapajani. Makofi hakuna. "Lakini," akainua kidole, "ni kwa sababu ya utafiti wa chuo. Siku utafiti ukiisha au ukihama, mambo yanarudi yalivyokuwa na mtoto anarudi kwa mama yake."

Mnaelewa walichofanya? Wamemkalisha mtoto juu ya mada ya mtu. Mada yenyewe bado haijakubaliwa, mwenye mada hana hakika kama ni mada. Nimeona watu wakifunga mbuzi kwenye mti mbovu, lakini ule mti angalau upo.

Tukapanda kwenye kona ya misindano, ukungu umetanda, dada kwenye kisiki na mimi nimemshika koti asianguke. Simu ameiweka sauti ya juu kwa sababu upepo ulikuwa unakula maneno. Mama Danieli alikuwa anatoka shamba, akatukuta, akasimama kando na mzigo wa kuni kichwani. Hakuutua.

Dada akamweleza Dokta. Salamu ya pamoja kama sehemu ya mazingira ya hisi ya mtoto mwenye usonji, darasa moja, mtoto mmoja, kabla na baada.

"Rehema," Dokta akasema, "unataka kuandika kwamba shikamoo ni kelele?"

"Nataka kuandika inavyotolewa, Dokta."

"Sikiliza. Hiyo ni mada ya kukuchelewesha. Utahitaji kumfuatilia mtoto mpaka aingie darasa la kwanza. Huwezi kumaliza na wenzako. Na kwenye jopo wanaweza kuitupa. Mimi nina mada hapa, mitazamo ya walimu wa mjini kuhusu usonji, majibu yameshakusanywa, yanahitaji tu mtu wa kuyachambua. Ukiichukua leo, mwaka huu unavaa joho."

Wadogo zangu, niwaeleze kuhusu hilo joho. Mama mkubwa alikuwa ameshachagua kitenge cha sare kwa ukoo mzima, wanaume mashati, wanawake magauni. Fundi alishanipima hata mimi. Mashangazi wa Bungu walishaagiza kofia. Katika ukoo wetu hakuna mwanamke aliyewahi kufika huko, na mama mkubwa alikuwa akilitaja joho lile sokoni kwa watu waliokuja kununua karoti tu.

Nikamwona dada anamwangalia mama Danieli. Mama Danieli hakuwa anamwangalia yeye. Alikuwa anaiangalia simu, kama mtu anayeangalia mlango wa ofisi.

"Dokta, ninaandika ya salamu."

"Umefikiri?"

"Nimefikiri. Nitachelewa."

"Sitakutetea kwenye jopo, ujue."

"Najua, Dokta."

Simu ikakatika, sijui ni Dokta au ni upepo. Dada akashuka kwenye kisiki, akakaa juu yake, akajifunika uso. "Mama ataniua kwa vile vitenge," akasema ndani ya viganja. Nikamwambia asijali, vitenge havina tarehe ya kuisha. Ulikuwa utani mbaya, naukubali, lakini nilikuwa kazini na ndio uliokuwepo.

Mama Danieli akaniuliza mimi, maana Kiswahili cha Dokta kilikuwa kimempita kwa kasi. "Kasemaje?"

"Dada kasema haiachi mada. Danieli anabaki darasani."

"Mpaka lini?"

"Mwaka mwingine. Mpaka Danieli aingie darasa la kwanza."

Akaurekebisha mzigo wa kuni kichwani. Akaangalia juu, kule ambako mashamba yanaishia na msitu unaanza, mbali, mahali ambapo ukienda asubuhi unarudi jua linazama.

"Basi kesho napalilia viazi vya kule juu," akasema. "Vimeshikwa na magugu mpaka naona aibu."

Akageuka akateremka kwa haraka kwenda kunoa jembe.